Watoto, vijana na baiskeli: maswali yanayojirudia kuhusu usalama na sheria za barabarani

Maswali haya nusu huulizwa na wazazi na nusu na watoto wenyewe, na majibu nimeyaandika kama ninavyoyasema kwa mdomo. Nimeanza na ya msingi, yale ya ajabuajabu yako chini. Ukiona nimesema angalia mahali fulani ujue nimeshaeleza huko.

## Kabla hujatoka nje

Mtoto wa miaka mingapi anaweza kwenda barabarani peke yake?

Kiukweli umri peke yake hautoshi kukupa jibu, ila sheria za nchi kadhaa zinakupa picha. Austria mtoto anaruhusiwa peke yake akiwa na miaka 12, au miaka 10 akishafanya mtihani wa baiskeli na kupewa kadi yake. Poland nako kuna kadi ya baiskeli inayoanzia miaka 10. Unaona wote wanazunguka kwenye miaka 10 mpaka 12, na sababu ipo: mtoto mdogo anaona gari vizuri kabisa lakini hajui linakuja kwa kasi gani, yani macho yameona ila hesabu bado.

Mimi naangalia vitu vitatu. Je, anaweza kugeuza shingo kuangalia nyuma bila baiskeli kupinda? Anaweza kuachia mkono mmoja akaendelea kwenda moja kwa moja? Na ukipiga kelele "simama!" anasimama hapo hapo au anakokota miguu mita kumi? Kama kimoja bado, hajafika, hata kama ana miaka 13 na anakuambia wenzake wote wanaenda.

Nimnunulie kubwa ili akue nayo?

Hapana jamani. Najua pesa inauma na mtoto anakua haraka, lakini baiskeli kubwa ndiyo inayoangusha watoto wengi wanaojifunza, maana akitaka kusimama mguu haufiki chini, basi anaegemea upande mmoja na kulala nayo. Mtoto akisimama wima katikati, bomba la juu lisimguse, kubaki uwazi wa vidole viwili vitatu. Anayejifunza, kiti kishushwe hadi nyayo zote zikanyage chini. Akishazoea unakipandisha kidogokidogo mpaka ncha za vidole vya miguu ndizo zinazogusa.

Na usisahau vidole vya mikono. Mwambie ashike breki bila kusogeza kiganja, kama vidole havifiki baiskeli hiyo kwake haina breki. Breki nyingi zina skrubu ndogo ya kusogeza ule mkono wa breki karibu na usukani, watu wengi hawajui kama ipo.

Vigurudumu vya pembeni vinasaidia?

Vinamfundisha kukanyaga pedali, havimfundishi kubalansi, na balansi ndio kazi yenyewe. Toa pedali kabisa, shusha kiti, mwache ajisukume kwa miguu kwenye uwanja tambarare. Akianza kuinua miguu yote miwili na kuserereka mwenyewe, rudisha pedali.

Nikague nini kila siku, mi sio fundi?

Nusu dakika inatosha. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, likiwa limelegea tia upepo (kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe). Halafu shika breki ya mbele usukume baiskeli mbele: tairi la mbele ligome na la nyuma lijaribu kuinuka. Shika ya nyuma uivute, tairi likwame na kuburuzika. Kama mkono wa breki unagusa usukani hata ukibana kawaida, waya umelegea au raba zimeisha, usitoke nayo. Mwisho inyanyue kidogo uiachie idunde, sikiliza. Kitu kikilia kuna nati imelegea.

Na kamba za viatu! Mimi mwenyewe nilifika makutano, kamba ya kulia ilikuwa imejizungusha kwenye pedali pole pole bila mimi kujua, nataka kuweka mguu chini mguu hautoki. Nikaanguka kama gogo. Bahati nzuri nyuma hakukuwa na gari. Tangu siku hiyo kamba nazichomeka ndani ya kiatu, na suruali mguu wa upande wa cheni naukunja au naingiza ndani ya soksi.

## Helmeti, taa na nguo

Helmeti ni lazima kisheria?

Inategemea uko wapi. Australia na New Zealand ni lazima barabarani kwa kila mtu, jimbo la Victoria ndilo lilianza mwaka 1990 na New Zealand ikafuata 1994. Sweden ni lazima kwa walio chini ya miaka 15, tangu 2005. Ufaransa chini ya miaka 12, tangu Machi 2017, hata akiwa amepakiwa nyuma. Kwingine hakuna sheria kabisa.

Lakini swali la sheria na swali la kichwa ni maswali mawili tofauti. Lami haiulizi kama nchi yako imepitisha sheria. Mtoto wangu havuki geti bila helmeti na hilo halina mjadala.

Nitajuaje imekaa sawa?

Wengi wanavaa kama kofia ya mchezo, imerudi nyuma paji lote liko wazi, na ukianguka kifudifudi paji ndilo linalogonga. Weka vidole viwili juu ya nyusi, ukingo wa helmeti uishie hapo. Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio. Mkanda wa kidevuni ubane kiasi kwamba kidole kimoja kinapita, sio ngumi. Halafu piga mwayo mkubwa, ukisikia helmeti inavutwa chini kichwani basi imekaa. Tikisa kichwa kama unayekataa, isizunguke.

Ukinunua angalia ndani kuna stika ya viwango, kwa mfano EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Ya pikipiki kwa mtoto wa baiskeli ni nzito mno, inamchosha shingo na inamzuia kusikia.

Imedondoka au imegonga chini mara moja, bado nzima?

Kama imegonga na kichwa kikiwa ndani, achana nayo, hata kama nje haina mkwaruzo. Lile povu gumu la ndani kazi yake ni kubonyea mara moja ili linyonye kishindo badala ya fuvu, na likishabonyea halirudi. Ikidondoka kutoka mezani tupu, ikague kwa makini kwenye mwanga, ukikuta ufa itupe. Ndio maana pia helmeti ya mtumba ni kamari, hujui historia yake.

Usiku nikivaa nguo za rangi kali si inatosha?

Haitoshi. Zile rangi za kung'aa za njano na machungwa zinafanya kazi mchana na jioni jua likiwa bado lipo, maana zinategemea mwanga wa jua. Giza likiingia zinakuwa nguo tu. Usiku kinachofanya kazi ni taa na vile vitambaa vya kurudisha mwanga, vinavyomulikwa na gari vikawaka.

Taa: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na rifleketa nyekundu nyuma kwa ajili ya siku betri ikikuishia njiani. Usigeuze rangi hata kwa urembo, dereva akiona nyekundu anajua hicho kitu anakiona kwa nyuma, sasa wewe ukiiweka mbele umemdanganya unaelekea wapi. Ongeza rifleketa za kwenye pedali, zinapanda na kushuka, na ule mchezo wa kupanda na kushuka dereva akiuona anajua mara moja ni mtu wa baiskeli.

## Sheria zenyewe

Kwani baiskeli nayo ni chombo mbele ya sheria?

Ndiyo, na ndicho kitu cha kwanza kijana anatakiwa kukielewa. Mkataba wa kimataifa wa usalama barabarani wa Vienna wa mwaka 1968 unaitaja baiskeli wazi: iwe na breki inayofanya kazi, kengele inayosikika, taa na rifleketa nyekundu nyuma. Mpanda baiskeli naye haruhusiwi kuachia mikono yote miwili, kuvutwa na chombo kingine, wala kubeba mzigo unaomzuia kuendesha. Kwa hiyo wale wanaoshikilia lori mlimani wanavunja kitu kilichoandikwa kabla hawajazaliwa.

Taa nyekundu ni yako pia. Alama ya kusimama ni yako pia.

Naendesha upande gani? Nikikabili magari si nayaona yanavyokuja?

Hili naulizwa sana na naelewa linapotoka, maana anayetembea kwa miguu anafundishwa akabiliane na magari. Baiskeli ni kinyume chake. Unaenda upande ule ule magari yanakoenda, kushoto kwa nchi kama Kenya, Tanzania, Uganda na Uingereza, kulia kwa Kongo, Rwanda, Burundi na Ufaransa.

Fanya hesabu. Gari lina 50 kwa saa na wewe una 15. Mkienda uelekeo mmoja linakukaribia kwa tofauti, yani 35. Mkikabiliana zinajumlishwa, 65, na dereva amebakiwa na karibu nusu ya muda wa kukuona. Na kibaya zaidi ni yule anayetoka barabara ndogo: anaangalia upande magari yanakotoka, anaona peupe, anaingia, kumbe wewe unakuja upande ambao hakuwa na sababu ya kuuangalia.

Mtoto anaruhusiwa kupita njia ya waenda kwa miguu?

Hapa sheria zinapishana sana. Ujerumani mtoto chini ya miaka 8 *lazima* apite huko (kama hakuna njia ya baiskeli iliyotengwa) na mpaka anatimiza 10 anaruhusiwa, na tangu 2016 mtu wa miaka 16 au zaidi anaweza kumsindikiza hapo hapo kwa baiskeli. Ufaransa ruhusa inaishia miaka 8. England kupita huko ni kosa kwa sheria ya mwaka 1835, ila mtoto chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa.

Popote ulipo, ukipita huko wewe ndiye mgeni. Nenda kwa mwendo wa kutembea, piga kengele mapema sio ukiwa mgongoni kwa mtu, na kila geti la nyumba lichukulie kama gari linataka kutoka sasa hivi.

Ishara za mikono nitoe lini?

Kabla, sio wakati unakata kona. Mpangilio ni huu na haubadiliki: angalia nyuma, nyoosha mkono wa upande unaokwenda ukae sekunde mbili tatu, rudisha mkono kwenye usukani, angalia nyuma tena, ndio ukate. Watoto wengi wanakata kona mkono bado uko hewani, na kona ya mkono mmoja haina breki ya kutosha. Kama kuna shimo au mchanga, mikono miwili kwanza, ishara baadaye.

Kama hujaona vizuri nyuma usikate. Simama pembeni, shuka, vuka kama mtembea kwa miguu. Sio aibu hata kidogo.

Kwenye zebra nashuka au napita nayo?

Shuka uisukume. Dereva amejipanga kwa mtu anayetembea, wewe ukitokea kwa kasi ya baiskeli unafika katikati ya barabara kabla hajakuona.

Naweza kumpakia mdogo wangu kwenye keria?

Kama hana kiti chake chenye pa kuweka miguu, hapana. Wazazi wengi wanawaza kuanguka, lakini jeraha ninaloliogopa zaidi ni la kisigino. Mtoto kakaa nyuma, miguu inaning'inia, baiskeli ikipita kwenye tuta mguu unarudi ndani, spoki zinaubeba na kuukandamiza kwenye bomba la fremu. Inatokea hata kwa mwendo wa pole pole. Kiti cha mtoto chenye kinga ya miguu na mikanda ndio njia, na anayeendesha awe mtu mzima. Mbele kwenye usukani wala usiwaze, na mshikaki wa watatu ndio kabisa.

Kuongozana wawili sambamba tukipiga stori?

Nchi nyingine wanaruhusu, nyingine wanakataza. Kwa vijana mimi nasema mstari mmoja kukiwa na magari, na aliye mbele aite mashimo kwa sauti. Usimfuate mwenzako tairi kwa tairi, acha urefu wa baiskeli mbili.

Hedifoni na simu?

Ufaransa wamepiga marufuku hedifoni kwa waendesha baiskeli tangu 2015, na Uholanzi, nchi ambayo watu wanaishi juu ya baiskeli, wakakataza kushika simu ukiendesha tangu Julai 2019. Baiskeli haina kioo cha nyuma kwa kawaida, sikio ndio kioo chako. Ukitaka kujibu meseji simama pembeni.

Sheria za pale ninapoishi nitazijua vipi?

Chukua kitabu cha kanuni za barabarani cha nchi yako, kile wanachosomea wanaotafuta leseni, kawaida kina sehemu ya baiskeli, kisha waulize trafiki au ofisi ya mji kuhusu sheria ndogo za hapo. Nenda na maswali yako kabisa: umri wa kuendesha peke yako, helmeti, njia ya waenda kwa miguu, kupakiza, na taa zinaanza kuwashwa saa ngapi.

## Barabarani penyewe

Breki ipi nishike, naogopa ya mbele itanirusha?

Zote mbili kwa pamoja, ukianza taratibu kisha unaongeza. Ukifunga breki uzito wote unakuja mbele, kwa hiyo tairi la mbele linashika lami vizuri na la nyuma linakuwa jepesi, ndio maana anayetumia ya nyuma peke yake anateleza mbali kabla ya kusimama. Kinachorusha watu ni kuibana ya mbele ghafla huku mikono imelegea. Sukuma makalio nyuma ya kiti, nyoosha mikono, bana. Fanyeni mazoezi uwanjani mara ishirini, chora mstari wa chaki na mtoto ajifunze kusimama juu yake.

Ukiwa na mwendo wa 20 kwa saa unakula mita tano na nusu kila sekunde. Mpaka akili iseme "breki" na vidole vitii, sekunde moja hivi imeshaondoka. Hizo mita tano na nusu umeshazipita bila breki yoyote.

Nikae umbali gani na magari yaliyopaki?

Urefu wa mlango uliofunguliwa, kama mita moja au zaidi. Angalia kwa kioo cha nyuma cha gari kama kuna kichwa kwenye kiti cha dereva, angalia taa za nyuma kama zimezima sasa hivi. Huyo anakaribia kufungua mlango. Na usiingie ingia kwenye nafasi kati ya gari na gari, nenda mstari ulionyooka, maana kila ukitoka kwenye nafasi unakuwa kama umetokea hewani. Mistari ya kunyooka ndio inayomfanya dereva akuelewe.

Malori na mabasi?

Hapa nataka kila mtoto asome mara mbili. Lori likikata kona, tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele, zinakuja ndani zaidi, zinafagia ile pembe. Yule mtoto aliyejipenyeza kati ya lori na ukingo wa barabara pale kwenye mataa, taa ikiruhusu na lori likakata upande wake, hana pa kwenda. Dereva naye pale juu hakuoni.

Kipimo ni rahisi: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, na yeye hakuoni. Kaa nyuma kabisa, liache liondoke. Usilipite kwa upande wa ndani hata kama limesimama na nafasi inaonekana kubwa, ile nafasi inaisha likianza kukata.

Magari yaniache nafasi kiasi gani yakinipita?

Ujerumani na Hispania sheria inasema mita 1.5 mjini, Ufaransa mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Wewe nawe usijibane kabisa ukingoni mwa lami, maana huko ndiko kuna michanga na mashimo, na ukikuta shimo utaruka kuingia katikati ghafla. Acha nusu mita hivi kutoka ukingoni.

Mvua ikinyesha?

Breki zinazobana rimu zikilowa hazishiki mara moja, mzunguko wa kwanza wa tairi unafuta maji tu. Anza kufunga mapema, gusagusa breki kuzikausha. Mistari myeupe iliyopakwa rangi, mifuniko ya chuma na reli zinakuwa kama sabuni, hapo usifunge breki wala kukata kona juu yake. Reli ya treni uivuke ukiwa umeikata kama msalaba, tairi likiingia sambamba kwenye ule mfereji linakwama na wewe unaendelea mbele.

## Yale yasiyotokea kila siku

Baiskeli ya umeme mtoto anaruhusiwa?

Umoja wa Ulaya inahesabika baiskeli ya kawaida kama mota haizidi wati 250, inasaidia tu ukikanyaga na inakata ikifika kilomita 25 kwa saa. Uingereza wameweka umri, miaka 14. Inayozidi hapo ni pikipiki mbele ya sheria, na leseni na bima vinafuata. Pia ni nzito, jaribu breki upya kama vile hujawahi kuendesha.

Breki zimekatika mteremkoni, nifanye nini?

Usiruke. Jaribu breki ya pili kwa kugusagusa, shuka mbele ya kiti uburuze miguu yote miwili, piga kelele watu wakupishe, tafuta nyasi au mchanga au njia inayopanda. Ukiona hakuna, bora ulale nayo kwenye nyasi kuliko kufika makutano.

Mbwa akinifukuza?

Mara nyingi anachofukuza ni mwendo. Punguza, simama, shuka, weka baiskeli katikati yako na yeye, usimpige teke ukiwa unaendesha maana ndio watu wanaanguka. Tembea pole pole mpaka upite.

Mtoto ameanguka, ameinuka anasema mzima, aendelee?

Kama ameinuka mwenyewe na hana maumivu ya shingo wala mgongo, mtoeni barabarani kwanza. Akilalamika shingo au mgongo, au hajitambui, msimnyanyue wala kumvua helmeti, piteni mbele kuzuia magari na muite msaada. Kama alijigonga kichwa hata kidogo siku hiyo haendeshi tena, na muangalieni usiku huo na kesho yake: akitapika, akilala kwa namna isiyo ya kawaida na kuamka kwa shida, akichanganya maneno, akilalamika kichwa kinazidi, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, hospitali hapo hapo bila kusubiri kuche. Mwambieni kabisa hatagombezwa, watoto wengi wanaficha kuanguka kwa kuogopa kunyang'anywa baiskeli.

Na baiskeli nayo ikaguliwe kabla ya kurudi: usukani umenyooka na tairi, breki zinashika, tairi linazunguka bila kugusa, foku (ule uma unaoshika tairi la mbele) haijapinda. Helmeti, angalia jibu la juu kule.